Kikohozi cha Studio

Mate si makohozi. Nakuambia hilo mapema kwa sababu mimi nililijua nikiwa nimechelewa, nyuma ya kliniki moja ya Thika, nimesimama kando ya tangi la maji na kakopo ka plastiki mkononi. Nilikuwa nimetema mara moja nikarudisha. Nesi alikainua kwenye mwanga wa dirisha, akakatikisa, akanirudishia. "Hii ni mate tu, baba. Rudi huko nje, vuta pumzi, ukohoe kutoka chini kabisa. Nataka ile chafu."

Ile chafu. Nilirudi kando ya tangi nikainama nikaivuta. Ilitoka nzito, ya kijani, na uzi mwembamba wa damu ndani, na harufu ya chakula kilichosahauliwa kwenye sufuria. Nilishikwa na kinyaa. Si damu iliyonitisha. Ni kwamba kitu kama kile kilikuwa kinaishi ndani yangu, na mimi muda huo wote nilikuwa nakiimba, nakiita uchungu wa moyo.

Kama na wewe umepewa hako kakopo juzi au jana, keti tuongee. Sitakueleza mambo ya vijidudu, hayo utaambiwa na wenyewe. Nitakueleza yale ambayo mimi sikuambiwa na mtu.

Jina langu ni Karanja, mzaliwa wa Kamenu, mtaa wa hapa Thika, lakini wanaonijua kwa nyimbo wananiita Marehemu. Ndiyo, Marehemu. Mimi hufanya ile rap ya machozi ambayo vijana wanaiita emo: biti ya polepole, gitaa moja linalia kwa mbali, na kijana mwenye kucha nyeusi anasema hakuna anayempenda na kesho hatakuwepo. Kucha nyeusi nilikuwa nazo. Machozi pia nilikuwa nayo, yamechorwa kwa wanja chini ya jicho. Na nilikuwa naongea juu ya kufa jinsi watu wa Ruiru wanavyoongea juu ya maji ya mfereji, kila siku, bila kutarajia kwamba yatakuja.

Mama hakuwahi kulitamka jina hilo. Yeye hushona yunifomu za shule hapo Kamenu, na mimi ni mwanawe wa kiume wa pili, kwa hivyo nilipewa jina la babake. Kwetu Wakikuyu hilo si jambo dogo. Tangu nizaliwe ananiita baba, tena kwa adabu, hata siku za kunichapa. Aliposikia jina langu la stejini alisimamisha cherehani.

"Karanja ni baba yangu," akasema. "Tulimzika, nikakuzaa, akarudi. Sasa wewe unamwita marehemu tena. Unataka nimzike mara ngapi?"

"Mathe, hiyo ni brand tu," nikamjibu nikicheka.

Studio yetu ilikuwa Membley, huko Ruiru, katika chumba cha mfanyakazi nyuma ya nyumba ya wazazi wa Brayo. Brayo ndiye prodyuza wangu na rafiki yangu tangu sekondari. Wazazi wake ni watu wa mshahara, watu wa geti na mbwa, na hawakutaka kelele, kwa hivyo Brayo aliziba kila kitu. Trei za mayai ukutani. Godoro kwenye mlango. Dirisha lilipigiliwa misumari na kufunikwa blanketi, sauti isitoke wala isiingie. Mbele ya maiki alivalisha soksi ndefu ya mamake, ile nyembamba ya kwendea kanisani, ili p na b zisipasuke. Soksi hiyo haikuwahi kufuliwa. Sisi watano tuliimbia hapo midomo ikikaribia kuigusa, mmoja akitoka mwingine anaingia, na ilinuka mdomo wa mtu aliyelala na njaa. Sisi tuliona hiyo ndiyo harufu ya kazi.

Kikohozi kilianza wakati wa baridi, ile ya mwezi wa saba ambapo Thika hushinda chini ya wingu na kila mtu anakohoa, kwa hivyo hakuna aliyeshtuka. Nilinunua dawa ya chupa, nikanywa tangawizi na limau, nikamlaumu mbwa wa Brayo na manyoya yake. Nikaanza kuamka na shuka iliyolowa jasho, inanuka siki. Suruali zikaanza kunishuka. Na mashabiki, hao ndio walipenda. Picha nilizoweka mtandaoni zilisifiwa kuliko wimbo wowote niliowahi kutoa: mashavu yameingia, macho yamekuwa makubwa, mifupa ya mabega imesimama. Waliandika kwamba sasa nimeiva. Msichana mmoja aliandika kwamba natamanisha, angependa kukonda hivyo. Kumbe mtu anaweza kuoza akipigiwa makofi.

Baridi ikielekea kuisha tukarekodi wimbo niliouita "Kifua." Katikati ya ubeti wa pili kikohozi kikanishika. Niliinama nikashika ukuta, trei ya mayai ikang'oka na mkono wangu, nikakohoa mpaka nikatapika kidogo kwenye zulia. Nilipoinuka, Brayo alikuwa nyuma ya kompyuta na spika zake za masikio, macho yanang'aa.

"Msee, hiyo tunaiacha," akasema.

"Unaiachaje? Nimetapika."

"Hiyo ndiyo hook yenyewe. Skiza."

Akaicheza. Kikohozi changu kilikuwa kimekatwa na kufungwa kwenye biti, kinajirudia, na mwangwi nyuma yake. Wale wengine watatu wakatikisa vichwa kwa raha. Mimi nilikuwa napangusa zulia kwa fulana yangu.

Mama ndiye aliyenitoa. Nilienda Kamenu Jumapili moja, akataka kunishonea shati la kuendea harusi ya binamu yangu. Alizungusha utepe kifuani, akautazama, akauzungusha tena. Aliukunja utepe akauweka mfukoni mwa aproni, na kesho yake asubuhi tukawa kwenye benchi ya kliniki, yeye amevaa vazi lake la kanisa.

Benchi ya kifua kikuu iko nje, chini ya mabati, kwa sababu ya upepo. Watu wamevaa barakoa na wanaachiana nafasi ya mtu mzima. Utaijua hiyo nafasi. Anakuja mtu mgeni, anaiona, anataka kukaa, halafu anasoma kile kibao mlangoni na kukumbuka kwamba alitaka kusimama. Ndani ya barakoa unanusa pumzi yako mwenyewe, na haipendezi. Majibu yalipotoka nesi hakuzunguka. Alisema ninacho, kinatibika, nitakunywa dawa miezi sita, na nikiacha katikati kwa kuona nimepata nafuu kitarudi kikiwa kigumu zaidi. Halafu akauliza nimekuwa nikikaa wapi na nani.

Nilimweleza studio. Nilimweleza soksi pia, kwa sababu niliamini ndiyo iliyoniua.

"Soksi ni uchafu tu," akasema. "Ni hewa. Watu watano ndani ya chumba kisicho na dirisha? Nataka wote waje hapa."

Watatu walikuja, wakanitukana, wakapimwa, wakatoka salama. Brayo hakuja.

"Mimi siwezi kukaa hiyo benchi, buda," aliniambia kwa simu. "Watu wa Membley wakiniona je? Na mimi niko poa, sikohoi. Halafu skia, ngoma yetu imetoka, inapanda vibaya sana. Usinenepe kabla ya ile shoo ya Ruiru."

Nilikata simu. Nilikuwa nimeshika ndoo kati ya magoti, nimetoka kutapika, na rafiki yangu ananiomba nisinenepe.

Sasa, dawa. Ni vidonge vyekundu vikubwa, na asubuhi ya kwanza utaenda choo na utadhani unakufa, kwa sababu mkojo unatoka na rangi ya soda ya machungwa. Hufi. Machozi nayo yanaweza kubadilika rangi, na jasho pia. Nililia siku moja nikajipangusa kwa mto na mto ukabaki na doa. Hayo ndiyo yalikuwa machozi yangu ya kwanza yasiyochorwa. Mayai yalinichefua, harufu ya mafuta ya kukaanga ilinichefua, hata sabuni. Miguu iliwaka moto usiku. Nilinuka dawa mpaka kwapani. Niliuchukia mwili huo, nakwambia ukweli, niliuona kama nguo ya mtu mwingine niliyolazimishwa kuvaa.

Nilikuwa nimerudi kulala kwa Mama, na hapo ndipo shida ya nyumbani ilipoanza. Dada yangu Wambui alikuwa anaishi hapo na mtoto wake mchanga. Alinitengea sahani, kikombe, kijiko, akavifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuvitundika kwenye msumari nje. Chakula aliniwekea kizingitini, halafu akakisukuma kwa mguu.

"Si eti nakuchukia, Karanja," akasema akiwa mbali. "Lakini niko na mtoto."

Mtoto alipewa dawa ya kinga, na kila asubuhi nilimsikia akilia akiminywa mdomo ainywe. Wambui hakuwa na makosa. Lakini ule mguu unaosukuma sahani, sijui kama nitausahau.

Siku moja Mama alirudi kutoka kliniki, alikuwa ameuliza. Alienda moja kwa moja kwenye msumari, akatoa kikombe changu, akakitia chai, akanywa nusu Wambui akimtazama, nusu nyingine akanipa. "Nesi amesema haikai kwa kikombe," akasema. "Inakaa kwa hewa. Kwa hivyo hewa ndiyo tutafanyia kazi." Akang'oa pazia, akafungua madirisha yote mawili, akaburuta cherehani mpaka mlangoni, na tangu siku hiyo alishona huko akiwa amevaa sweta mbili. Ukipewa mtu mmoja wa namna hiyo, dawa zitashuka.

Wimbo nao ulikuwa umetoka, mimi nikiwa kitandani. Niliusikia mara ya kwanza hadharani pale pale kwenye benchi. Msichana wa shule aliyemsindikiza nyanyake aliucheza kwenye simu, na kikohozi changu kikajaa chini ya mabati, kikajirudia, kikajirudia, na watu wote waliokuwa wakikohoa kweli wakanyamaza kukisikiliza. Kando yangu alikuwa mama mmoja tuliyezoeana hapo, muuza viazi sokoni, tunamwita Mama Shiro.

"Huyo anayekohoa kwa simu yako ni nani?" akamuuliza msichana.

"Ni muziki, aunty. Anaitwa Marehemu."

"Muziki gani? Hicho ni kifua. Mimi nimekaa na kifua, nakijua. Huyo mtoto ako na watu wa kumpeleka hospitali?"

"Ni staili tu."

"Staili," akasema Mama Shiro, akatema ndani ya kitambaa. "Ngai. Mmekosa cha kuimba."

Nilitazama viatu vyangu. Kinyaa kilichonipata hapo kilikuwa kikubwa kuliko cha kakopo, kwa sababu cha kakopo kilikuwa ugonjwa tu.

Mvua za mwezi wa kumi zilikuja na balaa lake. Nilikuwa nimekaa mlangoni na fulana ya ndani nikila githeri, jioni mapema, nikaona wamama wa kanisa wanaingia uani kwa mstari. Wa mbele alibeba sufuria kubwa. Wengine walikuwa na kuni migongoni, sukari, majani ya chai. Mwenyekiti wao, Mama Wairimu, alikuwa ameshaanza kulia. Aliponiona alisimama ghafla, na yule wa nyuma yake akamgonga kwa kuni.

"Haiya," akasema Mama Wairimu. "Kumbe ako hapa."

"Niko," nikasema, mdomo umejaa mahindi.

Akatoa karatasi kutoka kifuani. Ilikuwa imebandikwa kwenye nguzo ya stima karibu na kanisa. Picha yangu ya rangi nyeusi na nyeupe, macho nusu yamefungwa, na maneno makubwa: MAREHEMU. SAFARI YA MWISHO. RUIRU. NYOTE MNAKARIBISHWA. Lilikuwa tangazo la shoo, lakini kule Kamenu karatasi ya namna hiyo ina maana moja tu, matanga, na mtaa mzima ulikuwa umeniona nikikonda.

Mama aliichukua, akaisoma polepole, akaikunja. "Mara ya tatu sasa namzika," akasema. Halafu akawageukia. "Wekeni sufuria motoni. Kuni za matanga hazirudi nyumbani."

Wakapika chai, wakainywa, wakinitazama kwa jicho la watu waliodanganywa. Mmoja aliomba kwa muda mrefu, na katikati akasahau akaniombea nipumzike kwa amani. Wambui alicheka mpaka akatoka nje, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu nirudi. Mimi nilitaka kucheka nikashindwa. Picha ile Brayo aliipiga studio, siku niliposhindwa kuinuka sakafuni. Nilidhani ananiangalia kwa huruma.

Nikampigia.

"Brayo, mama yangu ameletewa kuni."

"Kuni za nini?"

"Za kunizika."

"Msee," akasema, "hiyo stori lazima tuiposti."

Nilimwambia shoo sifanyi mpaka nimalize dawa, na jina hilo silijibu tena. Akasema nimebadilika. Sawa, nilikuwa nimebadilika. Mvua zilipokwisha suruali zilianza kunikaa. Krismasi nilikula nyama mpaka nikaogopa. Sauti ilirudi ikiwa na mkwaruzo, na ukiniuliza naipenda kuliko ile ya zamani. Mashabiki hawakupenda. Waliandika kwamba Marehemu amenenepa, amepoteza uchungu. Yule msichana aliyetaka kukonda hivyo aliandika kwamba nimemvunja moyo.

Januari ikaleta lile vumbi jekundu, na baada yake nikameza vidonge vya mwisho. Kakopo ka mwisho kalirudi kasafi. Nesi aliniambia niende na asinione tena hapo. Mama alinipima kifua kwa utepe, akanishonea shati, harusi ikiwa imepita zamani.

Shoo ikafanywa Ruiru, Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa ghorofani wenye mapazia meusi. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba niingie kwa jina la Karanja. Brayo alikuwa nyuma yangu na kompyuta, amevaa koti kubwa licha ya joto. Niliimba nyimbo mpya mbili, wakaniangalia tu. Halafu wakaanza. Safu ya mbele kwanza, kisha ukumbi wote, vijana wa kucha nyeusi na machozi ya wanja, wakikohoa. Wakikohoa kwa mdundo, ule wa "Kifua," ngumi mdomoni, wanacheka kati ya kikohozi na kikohozi. Walikuwa wananiomba wimbo. Nilifikiria Mama Shiro kwenye benchi. Nilifikiria mguu wa Wambui na sahani.

Na katikati ya kelele hiyo nikasikia kimoja cha kweli.

Kukaa kwenye benchi kunakufundisha. Kikohozi cha kuigiza huanzia kooni na huisha mtu anapotaka. Cha kweli hutoka chini, na huendelea baada ya mtu kutaka kiishe. Niliinua mkono wanyamaze. Wakanyamaza. Kile kimoja hakikunyamaza, na hakikutoka mbele yangu. Niligeuka. Brayo alikuwa ameinama juu ya kompyuta, ameshika meza, na kola ya lile koti ilikuwa pana, shingo imesimama ndani yake peke yake.

Nikaenda nikafunga muziki mwenyewe. Nikavuta pazia, nikafungua dirisha, nikaenda kwa lingine.

"Unafanya nini, msee?" Brayo akasema alipopata pumzi. "Ni vumbi tu."

"Tangu lini?"

"Nimekwambia ni vumbi."

"Brayo. Tangu lini?"

Watu walikuwa wanapiga kelele ya kurudishiwa shoo yao. Brayo alivuta kola, na nikaona anaogopa, na ile hasira yote niliyokuwa nimemwekea ikakosa mahali pa kukaa.

Asubuhi nilimpitia Membley. Alikuja na kofia na barakoa na miwani ya jua, akakaa mwisho wa benchi, akaacha nafasi. Mimi nikaikalia. Nesi alitoka, akanitazama, akamtazama yeye. Akampa kakopo, akamwonyesha upande wa tangi.

Nilienda naye. Alivua miwani, akakashika kwa vidole viwili kana kwamba katamuuma, akasafisha koo, akakohoa. Kidogo, kwa mdundo, safi kabisa. Akatema, akaniangalia.

"Hiyo ni ya studio," nikamwambia. "Vuta ile chafu."

Akashika tangi kwa mkono mmoja, akainama. Mimi nikamshika mgongo.